Nyumba Hazilingani, Kodi Imelingana

Imeenea katika miji yetu, na hasa katika mji huu wa Tanga ninaouandikia, rai moja inayosemwa kwa utulivu wa watu walioridhika, kwamba kodi ya majengo haijapata kuwa njema kama ilivyo sasa. Kwamba tangu ilipoanza kukatwa katika LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tarehe 20 Agosti 2021, mwananchi amepumzika na foleni, karani amepumzika na madaftari, mgambo amepumzika na kugonga milango ya watu, na serikali inapata haki yake kidogo kidogo pasipo mtu kuumia. Nimeisikia rai hii barazani Ngamiani wakati wa kahawa, nimeisikia nje ya msikiti baada ya sala ya alasiri, na nimeisikia ikitamkwa na watu ninaowaheshimu kwa umri na maarifa yao. Mmoja wao, mzee aliyestaafu kazi zamani, alinipa hoja yote kwa maneno machache: "Mwanangu, kodi ndiyo hii. Hata huisikii inapopita." Naandika kuyapinga maneno hayo, si kwa kumvunjia heshima aliyeyasema, bali kwa kuwa sifa ile ile aliyoitaja ndiyo aibu kubwa ya kodi yenyewe, maana kodi isiyosikika haina mtu wa kuiulizia, na mji usioulizwa habari ya kodi yake hauwezi kusemwa kuwa una bajeti, hata ukichapisha kitabu cha bajeti chenye kurasa mia tatu.

Sitaki kuidhulumu rai ya wenzangu kwa kuipunguzia nguvu kabla ya kuijibu. Ni kweli kwamba mwaka 2017, serikali kuu ilipokwisha kuutwaa ukusanyaji wa kodi hii kutoka mikononi mwa halmashauri za miji, watu walisimama juani kwa saa nyingi ili walipe shilingi 10,000 tu, na wapo waliorudi nyumbani jioni na fedha zao mkononi. Ni kweli pia kwamba madaftari ya uthamini yaliyokuwapo yalikuwa machache na ya zamani, kwamba nyumba nyingi hazikuandikwa humo kabisa, na kwamba aliyeandikwa alimlipia na jirani yake asiyeandikwa. Kodi ya LUKU iliingia katika udhia huo kama maji katika kiu, na mwenye kiu halaumiwi kwa kutouliza maji yametoka kisima gani. Lakini sasa miaka imepita, kiu imekatika, na wakati wa kuuliza umefika.

Na tuanze na swali la insafu. Tangu viwango vilipopandishwa mwaka 2023, nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kila mwezi, yaani shilingi 18,000 kwa mwaka, na nyumba ya ghorofa hukatwa shilingi 7,500 kila mwezi kwa kila ghorofa, yaani shilingi 90,000 kwa mwaka. Sheria haiulizi jingine. Basi mtu na atoke asubuhi ashike njia ya Raskazone, apite kando ya zile nyumba pana za chini zilizojengwa kwa kujinafasi, zenye bustani, veranda na mandhari ya ghuba hata kisiwa cha Toten kikaonekana wazi mbele yake kama kimechorwa; kisha ageuke aingie Makorora, asimame mbele ya nyumba ya vyumba vitatu, kuta zake udongo uliopakwa saruji, bati lake limekula kutu hata rangi yake ya kwanza haijulikani. Nyumba ile ya baharini ni nyumba ya kawaida, kwa kuwa haina ghorofa. Na nyumba hii ya Makorora nayo ni nyumba ya kawaida, kwa sababu ile ile. Zote mbili hulipa shilingi 18,000. Tuseme, kwa kupiga mfano tu, kwamba ya kwanza ingeuzwa leo kwa shilingi milioni 400 na ya pili kwa shilingi milioni 20: mwenye nyumba ya Makorora anatoa senti 9 katika kila shilingi 100 za thamani ya mali yake, ilhali wa Raskazone hatoi hata nusu ya senti moja. Maskini ametozwa mara 20 ya tajiri, na jambo hilo limefanywa kwa upole kiasi kwamba maskini mwenyewe anashukuru kwa kutosumbuliwa.

Dhulma hiyo haikomei hapo. Mwalimu aliyejibana maisha yake yote, akajenga juu ya duka lake dogo vyumba viwili vya kukaa kwa kuwa kiwanja hakikumpa nafasi ya kupanuka kando, anahesabiwa kuwa na ghorofa mbili na analipa shilingi 180,000, mara 10 ya kabaila aliyetandaza nyumba yake juu ya eka nzima ya ardhi iliyo ghali kuliko zote mjini. Kwa hakika sheria imepima urefu wa nyumba, ikadhani kwamba imepima utajiri wa mwenye nyumba. Watu husema kwamba huo ndio usawa, kwa kuwa kila nyumba ya aina moja inatendewa mamoja. Mimi naona kwamba usawa wa namna hiyo ni wa mizani iliyofungwa kamba, isiyoinama upande wowote hata ukiweka jiwe huku na unyoya kule.

Nimewahi kujibiwa, na jibu hili lina wafuasi wengi, kwamba kuthamini nyumba ya mtu ni desturi ya kikoloni, na kwamba mtu mweusi hakuijua kodi ya nyumba mpaka alipoletewa na mgeni mwenye bunduki. Historia ya pwani hii inatoa ushahidi usiowafaa wasemao hivyo. Kodi ya kibanda waliyoitangaza Wajerumani mwaka 1897, na kuanza kuitoza mwaka uliofuata, iliwataka watu wa mashamba rupia 3 kwa kibanda, na iliwachoma babu zetu kwa sababu ilihesabu mapaa bila kuuliza waliolala chini yake wamekula nini. Hakuna mthamini aliyeingia katika vibanda vile. Laiti angaliingia, angaliona kwamba vingi havikuwa na kitu cha kutozwa. Basi ikiwa tunatafuta mahali ambapo ada ya mkoloni imebaki katika kodi zetu, tusiitafute katika uthamini, bali katika kiwango kimoja kinachotozwa kila paa pasipo kuangalia lililo chini ya paa.

Sasa nitaingia ndani ya nyumba moja, maana jambo hili halionekani vema kutoka barabarani. Nyumba niijuayo iko katika mojawapo ya barabara zile za Ngamiani ambazo badala ya majina zilipewa namba. Ina vyumba sita, ukumbi mrefu katikati, ua nyuma, na mita moja ya umeme iliyopigiliwa juu ya mlango wa mbele. Mwenye nyumba anakaa Dar es Salaam na huja mara mbili kwa mwaka kuchukua kodi yake ya miezi sita. Wapangaji hushirikiana umeme kwa kuchangishana, na mambo huenda salama mwezi mzima, ila siku zake za mwanzo. Kodi ya majengo hukatwa katika ununuzi wa kwanza wa mwezi, na kwa hiyo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua. Nimeikuta nyumba ile usiku wa tarehe mosi iko gizani, na watu sita wazima wamekaa kibarazani wakizungumza habari nyingine kabisa.

Anayeshindwa aghalabu ni mama wa chumba cha nyuma, ambaye hukanda maandazi yake saa kumi za alfajiri na hawezi kukanda gizani. Siku ile alinipa simu yake nimsomee, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika mkono. Alikuwa amenunua umeme wa shilingi 3,000, na katika ujumbe ule, kabla ya kuzifikia zile tarakimu 20 za tokeni, palikuwa na mstari uliosema kwamba shilingi 1,500 ni kodi ya majengo. Nusu ya fedha yake ilikuwa imekwenda. Akaita ukumbini, na majibu yakaja kutoka nyuma ya mapazia.

"Mwezi uliopita nilikuwa mimi, dada."

"Mwenye feni ndiye atoe. Mimi nina taa moja tu."

"Nyumba yangu hii? Mwambieni mwenye nyumba!"

Yule wa mwisho alisema kweli, na sheria iko upande wake, kwa kuwa mwenye kuwajibika kulipa kodi ya majengo ni mmiliki, na mpangaji aliyekatwa ana haki ya kurudishiwa. Lakini nani katika wapangaji wa chumba kimoja atampigia simu mwenye nyumba kumdai shilingi 1,500, ilhali mkataba wake ni wa mdomo na miezi sita inakaribia kwisha? Haki hiyo imeandikwa kwa ajili ya watu wenye wakili. Mama yule aliniuliza swali moja ambalo mpaka leo sijapata la kumjibu: "Sasa baba, nikitaka kuuliza fedha hii imefanya nini hapa mtaani, nimwendee nani?" Nilifikiri mwenyekiti wa mtaa, nikafikiri diwani, nikafikiri mkurugenzi wa jiji, na nikaona kwamba kila mmoja wao angeweza kumwambia kwa kweli tupu kwamba hakuipanga kodi ile, wala haina fungu katika daftari lake ambalo yeye ana mamlaka ya kulipandisha au kulishusha.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu yenyewe, na namwomba msomaji aniwie radhi nikikaa nayo kitambo. Bajeti ya mji, kwa asili yake, ni mapatano kati ya watu na baraza lao: sisi tunataka mitaro hii, taa hizi, dampo hili na soko hili, na kwa ajili hiyo tunakubali kutoa kiasi hiki. Katika miji midogo mingi ya Marekani, baraza hukadiria matumizi ya mwaka, hupunguza humo ushuru, leseni na ruzuku zinazotarajiwa, na pengo linalobaki hugawanywa kwa jumla ya thamani ya nyumba na viwanja vya mji. Jibu la hesabu hiyo ndilo kiwango cha kodi cha mwaka ule. Mji wenye pengo la shilingi milioni 900 na mali ya shilingi bilioni 600 utatoza senti 15 kwa kila shilingi 100, na kabla ya kura kupigwa, milango ya ukumbi hufunguliwa, na mwananchi husimama akasema senti 15 ni nyingi, punguzeni hiki. Au akasema tozeni 16, mkamalize barabara ya shule. Mijadala hiyo huchosha, na mara nyingine wenye kelele hushinda wenye haja. Lakini kila senti ina kazi yake inayojulikana, na kila kazi ina senti yake.

Kwetu safari ya bajeti ni ndefu na inaheshimika kwa sura yake. Mitaa hutoa vipaumbele, Kamati ya Maendeleo ya Kata huvikusanya, wataalamu wa halmashauri huvichambua, Kamati ya Fedha na Uongozi huvipitia, Baraza la Madiwani huvipitisha, kisha kitabu hupanda mkoani, hupanda TAMISEMI, hufika Bungeni, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Walakini safari hiyo yote hufanyika ndani ya ukomo wa bajeti uliokwisha kutolewa na Hazina, na sehemu kubwa ya fedha ni ruzuku ambayo matumizi yake yamekwisha kuamuliwa. Katika yaliyobaki kwa jina la mapato ya ndani, ushuru wa huduma umewekewa na sheria mpaka wa sehemu ndogo ya mauzo ya mfanyabiashara. Asilimia 10 ya mapato hayo hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Na vilivyosalia ni vizimba vya soko, stendi, leseni na nyumba za wageni. Hakuna kituo katika safari ile ambapo diwani husimama akauliza: tukiongeza kodi ya majengo senti 2, tutapata mita ngapi za mtaro? Hawezi kuuliza, maana kiwango kimetungwa Dodoma, kimetungwa kimoja kwa Tanga na kwa Mwanza, kwa Raskazone na kwa Makorora. Hata serikali kuu ikirudisha fungu la makusanyo hayo, mji utakuwa umepokea posho. Na mwenye kupokea posho hushukuru au hulalamika, lakini hapangi.

Nalikuwapo katika mkutano mmoja wa mtaa, wakati wa masika, maji yakiwa bado yamesimama katika nyua za watu. Mwanamke mmoja alisimama akataja mtaro uliojaa mchanga, akataja na urefu wake kwa hatua, kwa kuwa alikuwa ameupima mwenyewe kwa miguu. Akaambiwa kwamba jambo lake limeandikwa. Hakuna aliyemwambia mtaro ule ungegharimu kiasi gani, wala yeye hakuwa na njia ya kusema kwamba mtaa uko tayari kuchangia kupitia kodi ya nyumba zake. Basi akakaa, na mkutano ukaendelea na habari ya ulinzi shirikishi.

Taifa hili limekwisha kuonja tunda la miji isiyokuwa na mamlaka. Mwaka 1972 ulipotangazwa mpango wa madaraka mikoani, mabaraza yaliyochaguliwa yaliondolewa, kwa nia ambayo siikosoi, na kazi za miji zikawekwa mikononi mwa maofisa wa serikali kuu. Miji ikaoza, mitaro ikaziba, kipindupindu kikapita, na mwaka 1978 sheria ikabidi itungwe ili mabaraza ya miji yarudi. Sheria za Serikali za Mitaa zikafuata mwaka 1982, na mwaka 1983 ikaja sheria ya kodi ya majengo katika miji, iliyoyapa mabaraza yenyewe amri ya kuthamini na kutoza. Katiba yetu nayo, katika ibara za 145 na 146, inasema bayana kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sijui madaraka gani hupelekwa kwa mtu ambaye hawezi kuamua lolote juu ya kodi ya nyumba anamolala.

Nitaambiwa kwamba nimesahau wizi. Sikusahau. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja, mwaka baada ya mwaka, fedha zilizokusanywa na mawakala wa halmashauri zisifike benki, na mtu aliyeziona ripoti hizo ana haki ya kuogopa. Lakini hofu hiyo inachanganya mambo mawili: mkono unaopokea fedha na baraza linalopanga kiwango. Fedha na ipite katika namba ya malipo ya serikali, katika benki, katika simu, hata katika LUKU iwapo mmiliki mwenyewe ndiye mwenye mita. Mimi sina ugomvi na bomba. Ugomvi wangu ni kwamba bomba limegeuzwa kuwa sheria, na kwa kuwa mita ya umeme haina macho ya kuiona nyumba, tumekubali nyumba isitazamwe. Kisha wenye hofu hii hawajaniambia lini ufisadi wa karibu ulitibiwa kwa kuipeleka fedha mbali. Diwani alaye fedha ya mtaro tunamjua kwa jina, tunaijua nyumba anayojenga, na baada ya miaka mitano tunaweza kumnyima kura.

Nitaambiwa pia kwamba uthamini ni ghali na wathamini ni wachache, na hoja hii ndiyo yenye uzito kuliko zote. Majirani zetu wa Kenya wameziachia kaunti kodi ya ardhi na majengo kwa ibara ya 209 ya Katiba yao ya mwaka 2010, na bado Mombasa ilikokota kwa miaka mingi daftari la uthamini la mwanzo wa miaka ya 1990, ambamo viwanja vilibaki na bei za wakati ule kana kwamba mji umelala usingizi. Mamlaka peke yake hayatoshi, nakiri. Lakini nani alisema lazima kila nyumba ipimwe na msomi mwenye shahada? Freetown, mji wa pwani kama wetu, mwaka 2020 uliacha njia hiyo ya gharama, ukahesabu nyumba zake kwa picha za setilaiti na kuzipa alama kwa mambo yanayoonekana kwa macho: ukubwa, paa, kuta, madirisha, mahali zilipo na barabara inayozifikia. Kazi ya namna hiyo, katika mji wenye kata 27 na watu ambao katika sensa ya mwaka 2022 hawakufika 400,000, ingewezekana kufanywa na vijana wetu waliohitimu wakakaa bila kazi, wakiongozwa na wenyeviti wa mitaa na wajumbe wanaoijua kila nyumba na historia yake. Na nyumba ambazo thamani yake haizidi shilingi milioni 20 zingeachwa zisitozwe hata senti. Katika mfano wangu wa mwanzo, nyumba ya Makorora isingelipa kitu, na ya Raskazone, kwa senti 10 katika kila shilingi 100 zilizozidi mpaka huo, ingelipa shilingi 380,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mwenye mali ya milioni 400 hatauza kitanda chake ili akilipe.

Mzee wangu wa barazani atasema kwamba hapo kodi itasikika, na watu watanung'unika. Ndiyo, watanung'unika, na watakwenda kunung'unika panapostahili. Daftari hilo lianze na nyumba zinazotazama bahari, liandike mmiliki, alama na thamani ya kila nyumba, na libandikwe katika ukuta wa kila ofisi ya kata, siku 30 kabla Baraza la Madiwani halijakaa kupitisha bajeti, kwa maandishi makubwa yatakayosomeka hata na mama wa maandazi asiyekuwa na miwani, ili aione nyumba anayopanga imeandikwa kwa jina la nani, na huyo mwenye jina anadaiwa kiasi gani.